Mwunga Mifupa na Fomu ya Kipa

Pale Mtinko mtu akivunjika huulizwa kwanza kama anataka hospitali au anataka kutukanwa. Anayetaka kutukanwa hupelekwa kwa Scholastika, mke wa Zefania mwenye mashine ya kukamua alizeti, maana mwanamke huyo haungi mfupa wa mtu bila kumweleza mwenye mfupa jinsi alivyo mjinga. Watu husema ana mdomo mchafu. Wanamwonea. Mdomo wake ni msafi, ila haujui kusubiri zamu.

Kazi hiyo aliipata kwa bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwa akivunja mifupa ya mbuzi, anaitia ndani ya gunia, halafu anamwambia mjukuu aingize mkono bila kuchungulia na aseme mfupa upi umepasuka, upi umekatika, upi mzima. Akikosea hali nyama. Scholastika alipofika umri wa kuvunja ungo alikuwa hakosei tena, na alikuwa ameshaanza kunenepa. Bibi alipokaribia kufa alimwachia sharti moja tu: mikono ikiwa juu ya mgonjwa, hakuna anayesema. Asiseme mgonjwa, wasiseme ndugu zake, asiseme hata aliyesoma. Mfupa una sauti ndogo, inasikika kwenye vidole, na watu wakibwabwaja haisikiki. Basi mgonjwa hupewa kitambaa cha kuuma, na anayeshindwa kunyamaza hutolewa nje ya uzio, hata kama ndiye aliyembeba mgonjwa mgongoni kutoka kijiji cha pili.

Zefania mwenyewe aliingia katika uzio huo akiwa amebebwa. Wakati huo alikuwa kipa wa timu ya kijiji, kijana mrefu anayejipenda, na mshambuliaji mmoja alikuwa amemvunja muundi. Alilala hapo kwa bibi miezi miwili na nusu, akitukanwa asubuhi na jioni na msichana anayemfunga mabanzi, na alipoweza kutembea hakwenda kwao. Wakaoana. Mpaka leo asubuhi za baridi ya mwezi wa sita huondoka kitandani akichechemea, na Scholastika humtazama huku akitikisa kichwa. Uzuri wa mguu ule anajihesabia yeye. Ubaya wake anauhesabia mpira.

Kwa hiyo siku Eliana, mtoto wao wa kwanza, mwenye miaka kumi na sita, alipotoka shule na karatasi mkononi, nyumba ile ilikuwa imeshakaa tayari kuwaka. Karatasi ilikuwa fomu ya ridhaa ya mzazi. Eliana alikuwa amechaguliwa kuwa kipa wa timu ya wasichana ya shule, na mashindano ya wilaya yalikuwa yanakuja.

"Kipa," alisema Scholastika, na hakuongeza neno. Aliingia jikoni, akapandisha mkono kwenye paa na kuanza kuchomoa mabanzi. Kila mgonjwa aliyepona aliliacha banzi lake pale, kipande cha mti kilichonyoosha mfupa wake, na Scholastika aliliandika jina kwa mkaa. Alirudi na mzigo wa kuni, ungedhani anataka kupika harusi, akaumwaga mbele ya mume wake.

"Hili la Nathanaeli, beki, mguu wa kulia. Hili lake tena, mwaka uliofuata, mguu wa kushoto, kwa sababu hakujifunza. Hili la yule mtoto wa Kintinku aliyekuja kucheza mechi moja tu akaondoka amefungwa mkono. Hili la kipa. Hili la kipa. Hili nalo la kipa. Nisome mpaka mwisho, Baba Eliana, au imetosha?"

Zefania alichagua moja katikati ya rundo, refu kuliko mengine, jeusi kwa moshi. "Hili langu," alisema. "Bila hili, huyo unayemkataza asingekuwepo."

"Hilo nililifunga mimi. Ndiyo maana nakataza."

"Mtoto alikuwa haongei, mama Eliana. Darasani hanyanyui mkono. Nenda kamwone golini anavyowapanga mabeki, anawafokea wasichana wakubwa kuliko yeye. Sijui sauti ile aliificha wapi miaka yote."

"Sauti hiyo ni yangu, hakuitoa golini. Na ataipoteza siku atakapong'olewa meno."

Eliana alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Alipenda kuinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto anaposubiri jibu, na ndivyo alivyosimama, na alipoona jibu haliji alikwenda kuchota maji.

Zefania alisaini fomu usiku uleule, kwa herufi kubwa, ili ionekane. Asubuhi Scholastika alijitanda kitenge akaenda shuleni kwa miguu yake. Alimwamkia mkuu wa shule vizuri, akakaa vizuri, akamwambia kwamba fomu ya mtoto wake ikipokelewa bila jina la mama, atarudi hapo na mtendaji wa kata, na akishindwa na mtendaji atarudi peke yake, na kwamba kurudi peke yake ni kubaya zaidi. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke mwenye akili. Akasema wazazi wawili, saini mbili, au mtoto hachezi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Scholastika hakulitaja kwa mkuu lakini lilikuwa limemkaa kooni. Kocha wa timu ile alikuwa mwalimu Fabiano. Mwaka mmoja nyuma, katika kikao cha wazazi, mwalimu huyo alisimama akasema mtoto akiumia apelekwe hospitali, asipelekwe kwa watu wa vijiti. Scholastika alikuwa amekaa mstari wa pili. Alinyanyuka pale pale. "Wa vijiti nipo hapa, mwalimu," alisema. "Kile kidole cha mguu nilichokurudishia, kinaendeleaje?" Ukumbi mzima ulicheka. Fabiano hakucheka, na toka siku hiyo wakikutana njiani walisalimiana kama watu wanaodaiwa salamu. Alimchukia mwalimu yule kwa dhati, na hakuona haja ya kuficha.

Fomu ikabaki juu ya redio, na nafasi moja wazi. Kila jioni Eliana aliuliza mara moja, kwa adabu: "Mama, umeshasaini?" Kila jioni alijibiwa hapana. Zefania akaanza kulala akigeukia ukutani. Wakawa wanapakuliana chakula bila kutazamana, na yule mdogo wao wa darasa la tatu akawa ndiye mjumbe: mwambie baba yako chumvi iko hapo, mwambie mama yako nimeiona.

Ambacho Scholastika hakujua ni kwamba mtoto alikuwa anakwenda mazoezini. Mazoezi hayahitaji fomu, mwalimu Fabiano alisema, na Zefania alisema mtoto yuko mashineni anamsaidia kupakia mashudu ya alizeti. Alisema hivyo siku baada ya siku, mwanamume mzima, bila hata kupepesa macho.

Jumamosi moja mwezi wa nne, saa tisa alasiri, bodaboda ilisimama nje ya uzio. Juu yake walikuwa watatu: dereva, Eliana katikati, na nyuma yake mwalimu Fabiano amemkumbatia ili asidondoke. Mtoto alivaa jezi ya kipa. Alishuka mwenyewe na kutembea mwenyewe, mkono wa kushoto ameushikilia kifuani, kidole gumba kimekaa mahali kisipopaswa kukaa.

Scholastika aliona jezi kabla hajaona kidole. Alimgeukia mume wake, aliyekuwa ametoka mashineni mara moja, amekaa kivulini na kikombe cha uji, na Zefania aliweka kikombe chini. "Mashudu," alisema Scholastika. "Naona yamempakia yeye." Kisha alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akanawa mikono kwa maji ya chumvi.

"Mama Eliana," alisema Fabiano, "naomba nikueleze alivyoanguka."

"Utanieleza nikimaliza."

"Kabla hujamshika."

"Nimeshamshika," alisema, na kweli mikono yake ilikuwa imeshatua. Uzio wote ukanyamaza. Hata dereva wa bodaboda, ambaye aliwahi kuungwa mkono hapo, alizima injini.

"Ametapika njiani," alisema Fabiano.

Scholastika aliinua macho. Hakuna mtu aliyewahi kuvunja sharti la bibi akaendelea kukaa ndani ya uzio ule, na sasa anavunja huyu, aliyemwita mtu wa vijiti, aliyemchukua mtoto wake kwa siri na kumrudisha ameteguka.

"Toka."

"Nakwambia ametapika. Na pale uwanjani alilala kidogo, nimemwita hakuitika, mpaka..."

"Toka nje ya uzio wangu."

Fabiano hakusogea. Hapo Zefania alinyanyuka, na kwa vile alikuwa na hatia ya uongo, na alikuwa anatafuta pa kuanzia kujirudi kwa mke wake, alimshika mwalimu mkono juu ya kiwiko, akamwongoza mpaka mlangoni, akafunga.

Msifikiri Scholastika hakusikia. Alisikia sana. Lakini wote walioletwa kwake wameteguka au wamevunjika walitapika. Zefania kwa muundi wake alitapika mara mbili, mara ya pili juu ya kitenge kipya. Kutapika ni maumivu, na maumivu aliyajua kuliko mwalimu wa jiografia. Alimpa mtoto kitambaa auume. Alikivuta kidole, akakizungusha, akakisikia kinarudi kwenye nyumba yake, na Eliana akatoa mguno mdogo tu. Hakuishia hapo, maana hakuwa mzembe. Alipapasa bega. Alipapasa mtulinga. Alishuka na uti wa mgongo pingili kwa pingili, akapanda tena mpaka kisogoni, akalizunguka fuvu lote kwa vidole vinane, polepole, kila upande. Hakuna ufa, hakuna shimo, hakuna mfupa unaocheza. Kando ya sikio palikuwa na uvimbe, wa nyama tu.

"Mfupa mzima," alisema, na alijisikia raha, ile raha mbaya ya mtu aliyeambiwa hajui akaonekana anajua. Akafunga kidole na banzi dogo, akamtukana mtoto kidogo kwa desturi, akamtukana Zefania zaidi.

"Mama," alisema Eliana, "umeshasaini?"

Scholastika alicheka kwa hasira. "Unaniuliza leo, na kidole hicho? Sisaini. Nimekwambia."

Walikwenda jikoni. Scholastika aliinjika maji ya ugali, Eliana akakaa kwenye kinu kilicholazwa, ametulia. Dakika tano hazikupita. "Mama, umeshasaini?"

"Nimekujibu sasa hivi."

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Scholastika alipekecha mboga akijisemea moyoni kwamba huu ndio ukaidi wa kina Zefania, watu wa kukaza shingo, watu wa kusaini kwa herufi kubwa. Alikoroga uji wa ugali ukaanza kutokota. Nyuma yake sauti ilisema, kwa adabu ileile, "Mama, umeshasaini?"

Safari hii hakujibu. Alisonga ugali kwa nguvu zote, jasho likimtoka, akihisi kwamba nyumba nzima imeamua kumfanyia mzaha: mume na mashudu yake, mwalimu na matapishi yake, na sasa huyu. Alipakua. Aliweka sahani mbele ya mtoto. Eliana aliitazama sahani, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa upande wa kushoto.

"Mama, umeshasaini?"

Scholastika alimpiga kofi. Mikono ile ilikuwa na nguvu ya kurudisha nyonga ya mtu mzima mahali pake, na kofi lililia mpaka Zefania akalisikia uani.

Eliana hakulia. Hakupandisha mkono shavuni. Alimtazama mama yake kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi. "Kwani nimefanya nini?" aliuliza, bila kinyongo, kwa mshangao tu. Kisha kichwa kikainama tena upande uleule wa kushoto.

"Mama," alisema, "umeshasaini?"

Mwiko ulimtoka Scholastika mkononi. Alipiga magoti, akamshika mtoto kichwa, akaanza tena kulipapasa fuvu, huku na huku, upesi upesi, na vidole vyake havikusikia kitu. Vilikuwa vinasikia mfupa, na mfupa ulikuwa mzima. Ndipo alipoelewa kwamba hajui. Maisha yake yote hakuwahi kuogopa kiasi kile.

"Zefania," aliita. Hakumwita Baba Eliana, alimwita jina lake, na Zefania alikuja mbio na mguu wake.

Walipotoka nje ya uzio wakiwa wamembeba mtoto, mwalimu Fabiano alikuwa amekaa juu ya jiwe, palepale alipotupwa, saa nzima na nusu. Kando yake palikuwa na gari dogo la jirani, milango wazi. Alikuwa ameshaliomba. Alikuwa anasubiri wamalize kiburi chao. Hakusema hivyo, alishika miguu ya Eliana na kusaidia kumlaza kiti cha nyuma. Scholastika aliingia bila kumsalimia na bila kumshukuru. Njia nzima mpaka mjini alimshikilia mtoto kichwa mapajani, na mtoto alimuuliza mara nyingine saba, na mara zote saba alijibiwa, "Bado, mwanangu."

Hospitalini daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wake Scholastika wa mwisho. Hakushika mfupa hata mmoja. Alimulika macho ya Eliana kwa kurunzi, akamuuliza leo ni siku gani.

"Jumanne," alisema Eliana.

Daktari aliandika. Akauliza aliangukaje, alizimia muda gani, alitapika saa ngapi. Zefania alimtazama mke wake na mke akatazama sakafu. Aliyejibu ni Fabiano, aliyekuwa amesimama mlangoni: aliruka miguuni mwa mshambuliaji, mpira akaudaka, goti likampiga kando ya sikio, akalala kama dakika moja na nusu, alipoamka aliuliza mechi ni lini, akatapika wakiwa kwenye daraja. Alijua kila kitu. Scholastika alimchukia zaidi kwa kujua kila kitu, na alilishika kila neno lake kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba.

"Na huku shavuni?" aliuliza daktari. Alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana. "Hapa palipigwa na nini?"

Fabiano hakujua; Zefania alijua. Scholastika angeweza kusema goti. Angeweza kusema mpira, na mpira ungebeba lawama hiyo pamoja na nyingine zote.

"Mimi," alisema Scholastika. "Nilidhani ananitania."

Daktari aliandika na hilo.

Picha ya kichwa ilionyesha damu kidogo imevilia ndani ya fuvu. Hawakumpasua. Walimweka siku kumi, wakimwamsha na kumuuliza siku, jina, mahali, mpaka akaanza kujibu sawasawa na kisha akaanza kuchoka kujibu. Daktari alisema asiguse mpira wa kugongana mpaka apimwe tena, na kwamba akigongwa kabla hajapona, hali itakuwa nyingine. Scholastika alirudi nyumbani akiwa ameshinda. Mtoto hachezi, fomu haina kazi, mume ananyamaza, mabanzi yamesema kweli. Hakuwahi kushinda ugomvi ukamkaa vibaya namna ile.

Kwa sababu Zefania alikuwa amemwambia mtoto. Kule wodini Eliana aliuliza kwa nini shavu linamuuma, na baba yake, aliyechoka na uongo baada ya yale mashudu, alimweleza yote, pamoja na idadi ya mara alizouliza. Scholastika alijua ameelezwa kwa jinsi alivyobadilika. Eliana hakununa. Afadhali angenuna. Asubuhi alisema shikamoo mama, jioni alisema chakula tayari mama, na akishika kitu na mama yake akapita karibu, bega lilipanda juu kidogo, upande wa shavu lile. Scholastika, ambaye alikuwa na jibu kwa kila mtu Mtinko nzima, hakuwa na neno la kuliambia bega hilo. Alikasirika tu. Alikasirikia mbuzi, masufuria, wateja wa mashine. Alimkasirikia Fabiano aliyekuja kumwona mgonjwa na daftari za masomo aliyokosa. Alizipokea mlangoni na kumfungia.

Lakini kazini alibadilisha jambo moja, na watu walilicheka mwaka mzima. Siku hizi kabla hajamgusa mgonjwa, humkazia macho na kumuuliza leo ni siku gani. Nathanaeli alipoletwa na mkono wake, alidhani ni matusi mapya. "Kwani mama Eliana kalenda huna?" alisema. Alifokewa mpaka akataja siku, tarehe na mwezi. Halafu Scholastika aliwageukia waliomleta. "Semeni sasa," aliwaambia. "Alivyoanguka, alivyolala, alivyotapika. Mikono ikishatua mtanyamaza." Anayekosea siku hamgusi, humpandisha kwenye bodaboda kwenda hospitali, akitukanwa mpaka bodaboda inapopotea.

Mwaka uliofuata mwezi wa pili Eliana alipimwa tena, na daktari akasema kichwa kimepona. Anaweza kucheza. Kama acheze au asicheze ni juu ya wazazi, alisema, hilo haliko kwenye mashine.

Fomu mpya ikaja, nafasi mbili wazi. Eliana alimpelekea baba yake kwanza. Na Zefania, mwenye herufi kubwa, aliigeuzageuza ile karatasi. Alikuwa bado anausikia mkono wa mwalimu katika kiganja chake, jinsi alivyoushika na kuutoa nje. "Mama yako akisaini, nami nitasaini," alisema, akaenda mashineni, woga ukiwa wazi usoni.

Scholastika alikuwa anachambua mchicha. Eliana alisimama mlangoni na karatasi. Alikuwa amerefuka, na kichwa kiliinama kidogo upande wa kushoto.

"Mama," alisema, "utasaini?"

Scholastika alisimama na mchicha mkononi. "Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi," alisema Eliana. Bega lilikuwa limepanda. "Na nimeuliza mara moja tu, mama. Usinipige."

Mchicha ulianguka wote. Scholastika alifungua mdomo, ule mdomo usiosubiri zamu, na kwa mara ya kwanza ulisubiri. Aliona kwamba akikataa, amekataa kwa woga ule wa jikoni. Akikubali, amekubali kwa aibu, anamlipa mtoto kofi kwa kichwa chake mwenyewe. Hakuna kati ya hayo lililokuwa malezi.

"Nilikupiga wewe ukiwa mgonjwa," alisema. Sauti yake ilikuwa kali, hakuwa na nyingine. "Mwalimu aliniambia nikamfukuza. Nilikosa. Leo sisaini, kwa sababu leo nitasaini vibaya. Kesho uniulize tena. Na keshokutwa. Sitachoka."

"Sawa," alisema Eliana, akainama kuokota mchicha.

Aliuliza Ijumaa, na Scholastika akauliza kofia za kukinga kichwa za makipa zinauzwa wapi. Aliuliza Jumamosi, na Scholastika akajitanda kitenge akaenda mpaka kwa mwalimu Fabiano, akasimama uani bila kukaa, na kumtaka amwonyeshe kwa maandishi nani atamtoa mtoto nje akigongwa, na gari litakuwa wapi. Fabiano alikuwa ameshaandika, toka mwaka jana. Hilo nalo lilimuudhi. Aliisoma karatasi mara mbili. "Usidhani nimekupenda," alimwambia, na mwalimu akajibu kwamba hata yeye hajapata shida hiyo. Jumapili baada ya misa Eliana aliuliza mara ya nne, na mama yake akaandika jina lake lote kwenye ile nafasi. Zefania akasaini chini, kwa herufi ndogo.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumatano. Scholastika alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya wavu, akakaa amekunja uso kama aliyekuja kushtaki. Mshambuliaji wa kwanza alipoingia ndani ya boksi, Eliana aliruka miguuni mwake, vumbi likawafunika wote wawili. Alinyanyuka na mpira.

"Leo ni siku gani?" aliita Scholastika kutoka nyuma ya wavu. Wasichana wa timu pinzani walicheka.

"Jumatano, mama," alisema Eliana bila kugeuka, akapiga mpira mbele na kuanza kuwafokea mabeki.

Scholastika aliuliza mara nne mechi ile. Eliana alimjibu mara zote nne.